Bati Jekundu la Kilima cha Redio

Tangu nirudi sijakunywa kahawa kwa raha. Kila anayepita dukani kwangu hapa Barani, Malindi, anasimama mlangoni: "Fundi Bakari, ilikuwaje huko bara?" Nikianza kumwambia huyu, anaingia yule, anataka nianze tena tangu Malindi. Nimechoka. Nimenunua daftari, nimekaa, naandika mara moja tu. Atakaye asome, asiyejua kusoma asomewe. Mimi nimesoma chuo cha Kurani kwa maalimu, na darasa mbili za serikali, basi. Anayetaka mwandiko wa kupendeza aende kwa karani.

Kwa nini nilitoka nyumbani

Mwanijua nyote, lakini pengine daftari hili litafika kwa mtu asiyenijua. Kazi yangu ni betri. Nilianza kwa kuokota betri zilizotupwa, nikizipasua kuona zina nini tumboni. Hakuna aliyenifundisha. Leo wenye malori ya chumvi ya Gongoni, wenye mashine za kusaga na wavuvi wa maboti, wote wanaleta betri zao kwangu. Maji ya betri siyanunui. Nayapika mwenyewe kwa kuni, mvuke unapita kwenye mrija wa shaba, unadondoka tone tone ndani ya chupa. Nikimaliza nayaonja. Maji ya betri mazuri hayana ladha hata kidogo, ni kama kunywa hewa. Nikionja ladha yoyote, chumvi au moshi, namwaga yote naanza upya. Ulimi wangu haujanidanganya hata siku moja.

Sasa, ukipita Ganze ukaendelea kuelekea bara, kuna kilima chenye mlingoti wa redio. Chini yake kuna zahanati. Redio ya zahanati peke yake haifiki Kilifi, kwa hiyo mashine ya kilimani inaipokea sauti na kuirusha mbele. Muuguzi akitaka gari la kumchukua mgonjwa, hana njia nyingine. Mashine inakula betri, na betri zinajazwa na jenereta ndogo anayoiwasha mlinzi, Mzee Karisa. Betri zilitoka kwangu. Maji nayo yalitoka kwangu: kila mwezi natuma jerikeni moja iliyojaa, ile ya mwezi uliopita inarudi tupu. Miaka mitatu hivyo. Nami nikijisemea, huyu Karisa anazitunza betri zangu, maana jerikeni hairudi na tone.

Mwaka huu mashine ikaanza kufa. Ilikufa mara ya kwanza, wakasema bahati mbaya. Mara ya pili mama mjamzito alikuwa kitandani zahanati, na redio haikujibu. Nitafika hapo.

Basi siku moja akaja injinia wa hizo redio, kijana wa Nairobi, shati limenyooka. Hakunipa shikamoo, alinipa "habari". Akasema mbele ya watu, "Mzee, betri zako ndizo zinazoua ile mashine. Nenda ukaweke nyingine kwa mkono wako. Jumamosi nitapanda mwenyewe kukagua. Nikikuta mambo ni yale yale, naing'oa mashine, ihamishiwe mahali penye umeme."

"Na zahanati?"

"Zahanati itatafuta njia nyingine."

Hakuna njia nyingine, na yeye alijua. Alipoondoka, watu wa kibarazani wakaanza: "Betri za Bakari zinakata roho kabla ya mgonjwa!" Wakacheka. Mlicheka, msikatae, nawajua kwa majina. Mimi nikaingia ndani nikafunga betri nne: mbili za kazi, na mbili za akiba. Nikachukua chupa ya asidi ya kutia kwenye betri, jerikeni ya maji, na swichi ya mkono ya shaba niliyoitoa kwenye mashine ya kusaga iliyokufa, ili betri za kazi zikichoka Karisa aisukume swichi, mashine ihamie kwenye akiba. Hilo lilikuwa wazo langu, na nililiona limetosha. Nikatoka Jumatatu.

Malindi mpaka Kilifi: juu ya chumvi

Nilipanda lori la chumvi. Dereva wake, Mahmudi, ni mteja wangu, na lori lile bila mimi lingekuwa banda la kuku. Lakini alipoiona chupa yangu ya asidi akaweka mikono kiunoni.

"Mzee Bakari, asidi hii ikimwagikia chumvi ya watu?"

"Na chumvi ya watu ikiingia kwenye betri zangu?"

"Chumvi yangu imefungwa."

"Asidi yangu nayo imefungwa. Tatizo ni lipi?"

Tukaafikiana nikae juu ya magunia na kulala marufuku, chupa katikati ya magoti, betri zimefunikwa kwa turubai, na jerikeni ya maji nimeifunga kitambaa mdomoni. Nyinyi mnaona chumvi ni kitu cha mchuzi. Kwa fundi betri chumvi ni sumu: chembe tu ikiingia ndani, sahani za risasi zinaoza, betri inajimaliza yenyewe hata kama haijatumiwa. Nilikaa juu ya tani za sumu kutoka Malindi, nikiilinda jerikeni ile kama bibi harusi.

Tulipopita Gede, msituni Sokoke, gurudumu la nyuma likapasuka. La akiba nalo halina pumzi. Mahmudi akaondoka na baiskeli ya mchoma makaa kwenda kutafuta pampu, nikabaki na yule mchoma makaa na mihogo yake ya kuchemsha. Tulikula, tukazungumza, jua likahama upande wa pili wa lori. Akaniuliza napeleka nini. Nikamwambia napeleka sauti. Akanitazama, kisha akanisogezea muhogo mwingine. Nadhani alidhani nina njaa ya kichwani.

Kilifi: siku iliyopotea

Gari la kunipeleka Ganze lilikuwa limeondoka asubuhi hiyo hiyo. Nikaambiwa Jumanne hakuna gari, ningoje Jumatano. Nikalala kwa binamu yangu, na Jumanne kutwa nikakaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya redio nikiangalia betri zangu, kwa kuwa siamini mlango wa ofisi wala aliyeushika ufunguo wake.

Mama muuza mahamri aliweka sinia lake kando yangu. Nilikula mahamri na mbaazi mpaka akanionea haya. Kisha akaikazia macho chupa yangu ya asidi.

"Baba, hiyo siki umeitoa wapi? Inaonekana kali, nzuri ya achari."

"Mama, ukiitia hii kwenye achari, achari itakula sufuria, kisha itakula meza."

"Subhanallah! Na wewe wakaa nayo katikati ya miguu?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Tangu hapo kila mteja aliyekuja aliambiwa habari za mzee na miguu yake.

Injinia alipita mara mbili. Mara ya pili akasimama. "Hizi mbili za ziada ni za nini?"

"Akiba. Za kazi zikichoka, Karisa anasukuma swichi."

"Na Karisa atajuaje zimechoka?"

Nikamwambia atajua tu. Akaenda zake. Swali lile lilinikera, kwa sababu lilikuwa swali zuri na halikutoka kwangu.

Ganze: trekta la maji

Jumatano gari lilinishusha Ganze na mizigo yangu, likageuka. Kutoka hapo mpaka zahanati ni mwendo mrefu, na mvua ilikuwa imewasahau watu wa kule kwa muda. Mahindi yamekauka yakiwa kiunoni. Kilichokuwa kinaenda upande wangu ni trekta tu, linavuta tangi la maji. Dereva akanikubali nikae kwenye bampa la tangi, mizigo imefungwa kwa kamba.

Kila trekta liliposimama, akina mama walikuwa wamepanga mitungi tangu alfajiri. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyeruka mstari. Lakini maji yalikwisha kabla ya mstari kwisha, na waliobaki wakaja wakaniangalia mimi. Mmoja akaigonga jerikeni yangu kwa kidole.

"Baba, hii haina madzi?"

"Yamo, mama. Lakini si ya kunywa. Ni ya betri."

"Yana dawa?"

"Hayana kitu. Ni safi kupita kiasi, ndiyo maana ni ya betri."

Akageuka kwa wenzake. "Mmesikia? Machafu ya mtu, safi ya betri!"

Walicheka wote, hata dereva. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Mama, betri hii ndiyo itakayoita gari siku binti yako akishikwa na uchungu." Akasema polepole, "Haya. Na mimi leo nitaita nini, baba?" Trekta likaondoka. Kilomita mbili nzima niliitazama ile jerikeni, lakini sikuifungua. Nawaambia ukweli kama ulivyokuwa.

Zahanati chini ya kilima

Muuguzi anaitwa Dama. Watu wanamwita Sista. Ni binti wa Kigiriama, mwembamba, asiyepoteza neno. Alinipa shikamoo, akaniwekea kiti, sima na kunde, akangoja nimalize kula. Kisha ndipo akaniambia.

"Mzee, mimi sikulaumu kwa redio kufa. Kila kitu kinakufa. Nailaumu kwa kufa bila kunambia."

"Vipi?"

"Yule mama alikuja kwangu asubuhi. Nilimwona atakuwa na shida, lakini nikasema, kuna wakati, ikibidi nitaita gari. Saa nane mchana nikashika redio, kimya. Kumbe imekufa tangu jana yake. Ningejua asubuhi, ningemtoa asubuhi, hata kwa mkokoteni wa punda. Tulimbeba kwa kitanda mpaka Ganze jua likiwa kali. Mama yuko hai. Mtoto hatukumpata."

Nilikuwa na maneno mengi ya kutetea betri zangu. Nilikuwa nimeyapanga tangu Malindi. Niliisogeza sahani tupu kando.

Akasema tena, "Wakiing'oa, nitabaki hapa na pamba na mkasi. Mzee, kama unaweza kuifanya iseme inapougua, fanya. Hata ipige kelele. Hata idondoshe jiwe juu ya paa langu."

Nikatazama nje. Kutoka mlangoni pake, kibanda cha mashine kule juu kilikuwa kinaonekana wazi, kama kisanduku cha kibiriti juu ya meza. Nikamwuliza, "Wewe kila siku unapita mlangoni hapa mara ngapi?"

"Mara mia."

"Una rangi yoyote?"

"Ile nyekundu ya kupakia msalaba ukutani. Imebaki nusu kopo."

"Na bati?"

"Limo moja nyuma, liling'olewa na upepo."

"Basi," nikamwambia.

Kilimani: kikombe cha maji

Alhamisi asubuhi tulipanda, mimi na wanaume wanne waliobeba betri. Mzee Karisa alikuwa amesimama juu akitungoja. Rika langu, mrefu, mkavu, koti la mlinzi limefungwa vifungo vyote kwa joto lile. Tukasalimiana kwa mikono miwili. Miaka mitatu tunatumiana jerikeni, na ndiyo kwanza tunaonana uso.

"Keti kwanza," akasema. "Mgeni hapandi kilima hiki akashuka hajanywa maji. Sidi!"

Mkewe, Sidi, akatoka na kikombe cha bati, akanipa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameshika kiwiko. Nikapokea, nikasema bismillahi, nikanywa.

Hayakuwa na ladha. Hata kidogo. Ni kama kunywa hewa.

Nikakishusha kikombe. Nikainua, nikanywa tena, taratibu, nikayazungusha mdomoni. Wale wanaume wakanitazama. Nikasema, "Mzee Karisa. Haya maji yametoka wapi?"

Sidi ndiye aliyejibu. "Yametoka kwako, baba. Kila mwezi unatuletea."

"Na betri?"

"Betri zinapata ya kisimani," Karisa akasema. "Na si ovyo, fundi. Nayachuja kwa leso ya Sidi mara mbili. Nayaacha yatulie siku nzima. Kila betri inapata mpaka kwenye alama, sijapunguza hata siku moja."

Kisima chao nilikionja baadaye. Chumvi tupu. Nilifungua betri za zamani, sahani zimemomonyoka kama biskuti kwenye chai. Mlinzi huyu alikuwa anazinywesha sumu kwa uangalifu mkubwa, mpaka kwenye alama.

Nilipandisha sauti. Siwafichi. Nilimwambia kuna mtoto amezikwa kwa ajili ya kikombe hiki. Karisa akainamisha kichwa. Sidi hakuinamisha.

"Baba," akasema, "watu wanapita hapa na makaa kichwani, kutoka mbali. Wanakuja na watoto. Wananiomba maji. Nina kisima kinachotapisha mtoto, na nina jerikeni ya maji matamu ya kulisha sanduku. Wewe ungempa nani?"

"Mngeniambia!"

"Ulikuja lini tukwambie? Karatasi uliyoibandika kwenye jerikeni ilisema: maji safi kabisa. Basi. Haikusema sanduku litakufa. Sisi tulijua sanduku halioni kiu, maana halisemi."

Nikakaa kwenye jiwe. Kweli, ile karatasi niliiandika mimi. Miaka mitatu najigamba hapa Barani kwamba mashine ya kilima inasimama kwa maji ya Bakari, na sijawahi kupanda hata mara moja kuona yanaingia wapi. Jerikeni ilirudi bila tone nikafurahi, wakati mtu anayejua betri angeshangaa. Betri chache kama zile hazinywi kiasi kile. Mimi ndiye mwenye kujua, na mimi ndiye sikuuliza.

Nikamwomba Sidi kikombe cha pili. Nilikuwa na kiu, na maji yalikuwa mazuri. Niliyapika mimi.

Haya ya Karisa nayaandika kwa ruhusa yake. Nilimwuliza siku ya kuondoka. Akafikiri, akasema, "Andika, fundi. Lakini andika na kiu." Nimeandika.

Ijumaa: bati

Kazi sasa. Kwenye mkoba wangu huwa natembea na katauti, kile kisumaku cha dainamo za malori ya zamani. Waya mwembamba umezungushiwa chuma. Betri ikiwa na nguvu, chuma kinaushika ulimi mdogo wa chuma ulio mbele yake. Betri ikichoka, ulimi unaachia. Malori mapya hayana, na vijana wanazitupa. Mimi situpi.

Nikalitia bati la Dama bawaba juu ya ukuta wa kibanda, upande unaotazama zahanati. Uso mmoja nikaupaka rangi ya msalaba, nyekundu kama ndani ya tikiti. Bati likikunjwa juu ya paa, rangi haionekani. Linashikwa na ndoano ndogo, na ndoano inashikwa na ulimi wa katauti. Betri za kazi zikiwa nzima, bati liko juu. Zikichoka, au zikifa kabisa, au hata panya akikata waya, ulimi unaachia, ndoano inatoka, bati linaanguka na uzito wake wote. Na likianguka linavuta waya, waya unavuta swichi yangu ya shaba, mashine inahamia kwenye betri za akiba. Haihitaji mtu. Dama anaona wekundu, na redio bado inasema. Kuanzia hapo ana siku mbili za akiba: ya kuonywa na ya kutenda.

Nilikaza na kulegeza springi ya ule ulimi kutwa, nikiijaribu kwa betri chovu ya zamani, mpaka ikaachia pale ninapotaka. Alasiri tukalipandisha bati. Tukapiga makofi. Upepo wa alasiri ukaja, ukalibeba bati, kwaa! chini. Kule zahanati Dama akaonekana anatoka mbio, kitambaa mkononi, na nyuma yake wagonjwa wawili waliopaswa kuwa kitandani. Karisa alicheka mpaka akakaa chini. Mara ya kwanza kucheka tangu kikombe.

"Limefanya kazi!" akasema.

"Limefanya kazi bila kazi," nikamwambia, nikaongeza ndoano ya pili ya kuzuia upepo, inayoachia pamoja na ya kwanza. Usiku ule ulivuma, bati halikutikisika.

Habari ya maji tuliimaliza jioni hiyo. Kibanda cha mashine kina paa la bati. Nikatengeneza mfereji wa mabati ya mikebe kuzunguka ukingo, utoe maji kwenye pipa safi lenye mfuniko. Maji ya mvua yasiyogusa ardhi betri inayakubali. Na mvua isiponyesha, nikamwambia Sidi, nitatuma jerikeni mbili. Akaniuliza, "Ya pili ya nani?" Nikamwambia, "Ya anayepita."

Jumamosi: injinia

Alipanda saa nne, anahema, shati halijanyooka tena. Akaziona betri za zamani kando, sahani zimeoza, chumvi nyeupe imeganda midomoni. Akachutama, akakwangua kwa ukucha.

"Mzee Bakari, hizi zimetiwa chumvi. Nani alitia?"

Karisa alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yangu, vifungo vyote vimefungwa. Sidi mlangoni. Nilikuja kilima hiki kusafisha jina langu, na sasa jina langu lilikuwa limesafishwa: betri zilikuwa nzima, kosa si langu, ushahidi uko kwenye ukucha wa injinia. Ilibaki nielekeze kidole tu.

Nikasema, "Maji ya betri ni kazi yangu. Niliyatuma miaka mitatu bila kupanda kuona yanatumikaje, wala kueleza. Kosa la maji andika langu. Bakari, fundi betri, Barani."

Akanitazama, akamtazama Karisa, akanitazama tena. Si mjinga yule kijana. Akatoa kalamu, akaandika mstari mmoja, akafunga kitabu.

"Na hii ndude nyekundu?"

Nikamweleza. Alisikiliza kichwa upande. Halafu, bila kuniambia, akanyoosha mkono akachomoa waya wa betri za kazi.

Kwaa!

Bati likaanguka. Ndani ya kibanda swichi ikalia tak. Taa ya mashine ikapepesa, ikarudi. Tukangoja. Ile spika ndogo ya kusikilizia ikakohoa, ikatoa sauti ya Dama, tulivu:

"Kilifi, Kilifi, hapa zahanati. Bati la kilima limeanguka. Redio bado inasema lakini haitakaa. Nina mama hapa, siku zake zimetimia na mtoto amekaa vibaya. Singoji. Nataka gari leo."

Kilifi wakajibu: "Zahanati, gari liko huko huko kwenu. Analo injinia."

Injinia akanigeukia. "Lakini nimechomoa mimi! Ilikuwa jaribio tu!"

"Mwambie yeye," nikasema.

Akashika kile cha kusemea, akakiweka mdomoni. Nilimwona anafikiri, na nikampenda kwa hilo.

"Zahanati, hapa kilimani. Mweke mama tayari. Gari linashuka."

Karisa alikuwa ameshapanda juu ya paa kulirudisha bati.

Kurudi

Mama alikaa mbele na Dama. Mimi nyuma na betri mbovu, injinia kando yangu, tunarushwarushwa. Kupita Ganze akaniuliza kama nina mchoro wa kile kitu. Nikamwambia mimi sijui kuchora. Nikamwuliza vilima vyake vingine viko vingapi. Akasema kadhaa. Nikamwambia aniletee mabati na kila katauti ya zamani atakayoikuta, nitapanda vyote, na nitaonja maji ya kila kilima.

Tulipofika Kilifi aliniteremshia mkoba wangu mwenyewe, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikamjibu. Ilichelewa, lakini niliipokea.

Mama alijifungua Jumapili. Msichana. Nimeletewa habari na Mahmudi, aliyepewa na mama wa mahamri, ambaye bado anaulizia miguu yangu. Mashine iko pale pale kilimani. Na nyinyi wa kibarazani, mliosema betri zangu zinakata roho kabla ya mgonjwa, nangoja mnijie mmoja mmoja.

Sasa kila mwezi nachemsha na kutuma jerikeni mbili. Moja nimeiandika kwa mkono wangu BETRI. Nyingine sikuandika kitu, nimefunga kikombe shingoni mwake. Hiyo ndiyo ninayoijaza kwanza.